Kazi ya kwanza ya uuguzi: mshahara wa shamba, jina la Mjini au nyumbani Pemba?

BARUA

Assalaam alaykum Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Wete. Mwaka huu nimemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Unguja. Miaka mitatu nimekaa dakhalia, na sasa napanga na wenzangu wawili Kwarara, kodi yangu mimi ni elfu arubaini kwa mwezi. Matokeo yangu si mabaya. Maombi ya usajili nimeshayapeleka Baraza la Wauguzi na Wakunga, ila leseni yenyewe bado sijaipata.

Bi Mkubwa, nilidhani shida ya kazi ni kuikosa. Kumbe na kuchagua nako ni shida.

Kuna hospitali ndogo ya binafsi huko shamba, upande wa mashariki, karibu na mahoteli, sitaitaja. Nilipeleka barua Jumatatu, Jumatano wakanipigia simu. Wananipa laki sita kwa mwezi, chumba cha kulala na chakula cha mchana. Wanataka nianze wiki ijayo, leseni ikija itanikuta kazini. Mkataba watanipa baada ya miezi mitatu wakishaniona. Vyeti vyangu halisi nitawaachia wao, wanasema wafanyakazi wote wameacha vyao ili mtu asije akaondoka ghafla. Usiku muuguzi anakuwa mmoja, daktari anapigiwa simu.

Hospitali ya pili ni ya binafsi pia, ipo Mjini. Hawa wanalipa laki nne na ishirini, mkataba wa mwaka mmoja, lakini hawanichukui mpaka nipeleke leseni. Wamesema mwezi wa kwanza nitazungushwa wodi zote chini ya sista mmoja mkongwe ndipo niingizwe kwenye zamu. Nyumba hawatoi, nauli yangu, chakula changu.

Jambo la tatu ni kujitolea kwenye hospitali kubwa ya serikali niliyofanyia mazoezi. Metroni, mkuu wa wauguzi wa pale, ananijua na ananipenda. Wenzangu wa darasa letu wako pale tayari. Hawalipwi, hupewa nauli ikipatikana, lakini wanasema ajira zikitoka wanaokumbukwa ni walio ndani.

Mama yangu naye anataka nirudi Pemba. Ni mjane, ana wadogo zangu wawili bado wanasoma skuli. Anasema ajira za serikali zikitangazwa niombe huko huko, iwe Wete, iwe Micheweni, popote. Mimi naogopa. Naona nikivuka bahari kurudi ndiyo nimeshasahauliwa, mafunzo yote na madaktari wakubwa wako Unguja.

Juu ya hayo, dada yangu wa mama mkubwa yuko Maskati, kila siku ananitumia ujumbe kwamba wauguzi wanatakiwa huko. Kanikutanisha na mtu wa Mjini anayetaka milioni moja na nusu ya kushughulikia safari. Na mchumba wangu, tumeshaposana, amesema kwao hawapendi mke wa kulala kazini.

Nakuomba ushauri kama mzazi. Wale wa mashariki wanataka jibu Ijumaa.

Muuguzi mpya, Kwarara

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba, na hongera. Miaka mitatu ya uuguzi na ukunga si mchezo, na anayekwambia ni kozi ya kufunga bendeji hajawahi kukesha leba.

Nianze na la Ijumaa kwa kuwa lina haraka. Vyeti halisi humpi mtu. Mwajiri ana haki ya kuviona vyeti vyako, kuvilinganisha na nakala, kubaki na nakala zilizothibitishwa na hata kuuliza chuoni kama ni vya kweli. Kuvifungia kwenye droo yake ili usiondoke ni jambo jingine kabisa. Siku Tume ya Utumishi Serikalini itakapotangaza nafasi na wewe unatakiwa kwenye usaili na vyeti vyako mkononi, utampigia magoti nani? Mfanyakazi mwenye furaha habanwi kwa cheti. Mahali wanapoogopa watu wasikimbie, waulize kwanza waliokimbia walikimbia nini.

La pili ni leseni. Bila leseni wewe bado ni mtu aliyesoma uuguzi, kisheria hujawa muuguzi wa kushika mgonjwa peke yako. "Itakukuta kazini" ni maneno matamu mpaka siku mgonjwa atakapopata madhara ya sindano uliyochoma wewe. Siku hiyo mwenye hospitali atasema hakujua, na jina litakaloandikwa kwenye karatasi za uchunguzi ni lako. Baraza linaloamua kama utapewa leseni ndilo hilo hilo utakalosimama mbele yake ukiwa umeshafanya kazi bila leseni. Nenda ukaulize faili lako limefika wapi, usikae Kwarara ukingoja simu. Mara nyingi kinachokwamisha ni karatasi moja iliyopungua au jina lililokosewa herufi.

Na hapo kwenye jina sikiliza vizuri, maana nimeona watoto wa watu wakilia. Angalia cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na kitambulisho chako cha Mzanzibari. Majina yote yawe sawa, herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Hamisi skuli, Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwenye kitambulisho limeongezwa jina la babu. Kama yako hayalingani, anza kurekebisha leo kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, au kwa kiapo ukiambiwa ndiyo njia. Jambo hilo huchukua muda, na tangazo la ajira likitoka halimsubiri mtu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana sitaki kujifanya kwamba laki sita na laki nne na ishirini ni sawa. Si sawa. Wale wa mashariki wanakuzidishia laki moja na themanini, na juu yake chumba na chakula. Wewe una mama mjane na wadogo wawili, laki moja na themanini huko Wete ni ada na unga na mafuta ya taa. Ukilipa kodi Kwarara, daladala kwenda na kurudi, na chakula, hizo laki nne na ishirini zitakubakia chache. Ninalijua hilo, na bado nakwambia uwakatalie wa mashariki. Ile ziada ndiyo bei wanayokununulia usiku wa kuwa peke yako.

Katika kazi ya kwanza swali langu ni moja tu: saa nane za usiku, jambo likiharibika, nani amesimama karibu yako? Ukubwa wa jengo na jina la hospitali ni mambo ya baadaye, na hata mshahara, Mungu anisamehe, ni wa baadaye kwa mwaka ule mmoja. Chuo kimekufundisha nini cha kufanya. Kukifanya huku mkono unatetemeka na ndugu wa mgonjwa wanapiga kelele mlangoni hufundishwa na mtu aliyekwisha kupita hapo, akiwa hatua tatu kutoka ulipo.

Nikupe mfano. Hospitali moja ya shamba, miaka imepita, aliletwa mja mzito wa miezi minane. Kichwa kimemuuma tangu mchana, macho yanaona ukungu, miguu imevimba. Zamu ya usiku alikuwapo msichana mmoja tu, mpya kama wewe, na tena hodari. Mgonjwa akashikwa na kifafa cha mimba pale pale mlangoni. Yule binti alijua kila kitu. Alimlaza ubavu, akamlinda kichwa, alijua dawa ni magneziamu salfeti, alijua dozi, alijua kwamba kabla ya kurudia lazima uhesabu pumzi, ugonge goti na upime mkojo. Asichojua ni ufunguo wa kabati la dawa uko kwa nani. Ulikuwa kwenye mkoba wa mwenziwe wa zamu ya jioni aliyekwenda nao nyumbani. Mama yule alipona kwa sababu dereva wa gari la wagonjwa alikuwa anapajua kwa mwenye ufunguo. Lakini yule binti hakumaliza mwezi. Aliacha kazi, leo anauza nguo Darajani, na ukimpitia hataki kusikia habari ya hospitali. Tulipoteza muuguzi mzuri kwa ufunguo.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo popote, omba kuzungushwa hospitali. Hii si jeuri. Mwajiri mwenye nia njema hufurahi ukiuliza. Mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye friji ya dawa ya wodi ya wazazi. Ile oksitosini, sindano ya yuniti 10 unayomchoma mama ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka ili asivuje damu, inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Angalia kama kuna kipimajoto ndani, na kama ubaoni pamebandikwa karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni. Ikiwa karatasi imejazwa mpaka leo, mahali pale pana mtu anayefuatilia. Ikiwa imeishia mwezi wa Ramadhani uliopita, au ndani ya friji mna chupa za soda na biriani ya mtu, umeshapata jibu kuhusu uongozi mzima bila kuuliza swali hata moja. Na umeme ukikatika? Uliza jenereta inawashwa na nani.

Kisha angalia trei ya dharura. Adrenalini ipo au kuna nafasi tu iliyoandikwa adrenalini? Mfuko wa kumpulizia hewa mtoto mchanga uko wapi, na mtungi wa oksijeni una kitu ndani? Tazama masanduku ya sindano zilizotumika: likijaa robo tatu linafungwa, ukiona sindano zimetokeza mdomoni jua wafanyakazi wa pale wanachomwa. Hapo hapo uliza kama wanawachanja wafanyakazi homa ya ini B. Ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Kama chuoni hukumaliza, malizia sasa popote utakapokwenda. Na uliza mtu akichomwa na sindano ya mgonjwa usiku anakwenda wapi, maana dawa za kujikinga na Virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe mapema iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazianzwi tena. Ukijibiwa "hapa hayajawahi kutokea", huyo anakudanganya au hana habari, na vyote viwili ni vibaya.

Halafu omba kuona wauguzi wanavyokabidhiana zamu. Simama kando tu, dakika kumi. Wanapita kitanda kwa kitanda wakisemezana, au anayetoka anatupa daftari mezani na kukimbilia gari? Utajifunza mengi hapo kuliko kwenye ofisi ya meneja.

Naona umeshanielewa ninaelekea wapi. Hawa wa Mjini wamekwambia mambo mawili ambayo vijana wengi huyaona ni kero: hawakuchukui bila leseni, na mwezi mzima utatembea nyuma ya sista mkongwe. Mimi kwa hayo mawili ningewapa mkono. Mwezi wa kuzungushwa wodi ni fedha wanayoitumia kwako, wanakulipa huku hujaanza kubeba mzigo. Omba tu liandikwe kwenye mkataba, lisibaki mdomoni. Soma pia muda wa majaribio ni wa miezi mingapi, saa za kazi kwa wiki, zamu za usiku zinalipwaje, likizo, na kila upande unatakiwa kutoa taarifa ya muda gani ukitaka kuondoka. Waulize kama wanakuandikisha ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, na kama michango inapelekwa kweli. Baada ya miezi michache nenda mwenyewe ofisi za ZSSF ukaangalie. Uliza na habari ya Mfuko wa Huduma za Afya. Sekta binafsi hapa Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na kuna Kamisheni ya Kazi ambako unaweza kupeleka mkataba usomewe kabla ya kutia saini. Wachache huenda mapema. Wengi huenda baada ya kufukuzwa.

Wale wanaosema mkataba baada ya miezi mitatu wanachanganya mambo makusudi. Majaribio huandikwa ndani ya mkataba, hayakai badala yake. Miezi mitatu bila karatasi maana yake ni kwamba siku ya tisini wanaweza kusema hawakujui.

Kujitolea. Hapa nitasema maneno ambayo baadhi ya wenzangu wa zamani hawatayapenda. Hospitali zetu za serikali zimekuwa zikibebwa na watoto wanaojitolea, na wako waliojitolea miaka mpaka wameolewa, wamezaa na wamekata tamaa wakiwa bado wanangoja "kukumbukwa". Ajira ya serikali hutangazwa na Tume, watu huomba na kufanyiwa usaili. Kuwa ndani kunakusaidia kwa kuwa mkono wako unakuwa mwepesi na una mtu wa kukuandikia sifa, lakini hakuna foleni ya kujitolea yenye namba. Metroni anayekupenda hawezi kukuajiri, hata akitaka.

Simkatazi mtu kujitolea. Kama leseni itachelewa na wa Mjini wanakungoja, nenda kwa Metroni wako ujitolee huo muda wa kungojea, mkono usipoe. Lakini kwa masharti: uwe na barua ya hospitali yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina lako kwenye ratiba liandikwe kwamba ni la mwenye kujitolea, na usikubali kuachiwa wodi peke yako eti kwa kuwa "wewe ni wetu". Ukiwa na kazi ya mshahara inayokungoja, usijitolee zaidi ya hapo. Mama yako hali barua za sifa.

Sasa Pemba, na hapa mwanangu nakuvutia sikio kidogo. Unasema ukivuka bahari utasahauliwa. Na nani? Ni kweli Hospitali ya Mnazi Mmoja, Mjini, kuna mambo ambayo kwengine hayapo. Kile kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichofunguliwa 2014 kwa ushirikiano na Wahispania wa taasisi ya NED kiko pale, na uhusiano wa miaka na hospitali ya Haukeland ya Bergen, Norway, umewafikisha wauguzi wetu mbali. Kama ndoto yako ni chumba cha upasuaji wa ubongo, sawa, elekeza jicho Mnazi Mmoja. Lakini barua yako yote sijaona neno lolote kuhusu ubongo. Umeandika ukunga.

Na mkunga anapikwa Pemba. Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016. Madaktari wa Kichina wanaotumwa kutoka jimbo la Jiangsu, ambao wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu miaka ya sitini, wanafanya kazi pale, na muuguzi anayesimama nao mezani hujifunza hata bila lugha moja. Ipo Chake Chake, ipo Wete kwenu, ipo Vitongoji, ipo Micheweni. Wawi ipo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, tangu 2000, na utafiti unaofanywa pale huhitaji watu wanaojua kuzungumza na mama mwenye mtoto mgongoni. Kwenye hospitali za ukubwa huo muuguzi hafungiwi kwenye wodi moja. Wiki hii uko na wazazi, wiki ijayo watoto, mara unasindikiza mgonjwa kwa gari usiku. Yule anayetoka chuoni na kuwekwa wodi moja tu ya hospitali kubwa kwa miaka mitatu huwa hodari sana wa jambo moja, na hilo moja huenda hakulichagua yeye.

Ila lile swali langu halibadiliki kwa kuwa ni nyumbani. Ukipangiwa kituo cha afya cha mbali, uko peke yako na mhudumu, kwa kazi ya kwanza nitakwambia hapana hata kama mama anakuona kwa dirisha. Hospitali ya wilaya au ya mkoa, yenye wauguzi wawili watatu usiku, nitakwambia nenda ukikimbia. Wa Micheweni huenda uzazi ukawakuta mbali na barabara, wanakuja wamechelewa, kwa hiyo utakutana na mambo mazito mapema. Ndiyo maana nataka uwe umepitia mikono ya yule sista wa Mjini kwanza.

Kwa hiyo fungua akaunti yako ya ZanAjira, mtandao wa kuombea ajira za serikali, wiki hii, usingoje tangazo. Weka vyeti, kitambulisho, kila kitu. Cheti kiwe cheti. Tume haipokei karatasi ya matokeo ya muda badala yake, na tangazo huwa linasema hivyo wazi lakini watu hawasomi mpaka mwisho. Nafasi za Pemba na Unguja hutangazwa kila moja na mahali pake. Ikitoka ya Pemba, omba. Wengi wa rika lako wanakimbilia Mjini, na mtu wa Wete anayetaka kweli kukaa Wete ana la kusema kwenye usaili ambalo mwingine hana. Ukiajiriwa na kuthibitishwa kazini, ruhusa ya kwenda kusoma shahada inaombeka kutoka Pemba kama inavyoombeka kutoka Mjini. Na ikitoka ajira hiyo ukiwa katikati ya mkataba wa binafsi, toa taarifa kama mkataba ulivyoandikwa, uondoke kwa salama. Ndiyo sababu nilikwambia kipengele hicho ukisome.

Maskati haikimbii. Dada yako hajakudanganya kwamba wauguzi wanatakiwa, lakini kwa kawaida wanataka aliyekwisha kufanya kazi miaka miwili hivi akiwa na leseni, vyeti vyake vikahakikiwe vilikotoka, na mtihani wao wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta aufaulu. Wewe leo huna hata siku moja ya uzoefu. Sasa huyo mtu wa milioni moja na nusu anashughulikia nini? Mwambie akuonyeshe kibali cha uwakala wa ajira za nje, kisha peleka jina lake Kamisheni ya Kazi uulize kama wanamjua. Nadhani hutamwona tena. Hata bara ukitaka kwenda, leseni ya Zanzibar haikuingizi wodini moja kwa moja, kule kuna Baraza lao la Uuguzi na Ukunga na itabidi usajiliwe nao. Kila mlango una karatasi zake, na zote zinauliza uzoefu. Uanze kuukusanya.

Kuhusu mchumba nitakuwa mfupi. Hakuna hospitali isiyo na zamu ya usiku. Utaikuta Mjini, utaikuta Wete, utaikuta Maskati. Alipoposa alijua unasoma nini, na wanawake wa kwao, siku zao za kujifungua zikifika usiku, watapokewa na mke wa mtu. Mweleze hayo wewe mwenyewe, na wazee wako wayaseme kwa wazee wake, kabla ya siku ya nikaha. Kama kuna jambo linalowezekana, mfano yeye kukupeleka na kukuchukua, au kukubaliana mkae karibu na kazi, lizungumzwe mapema. Akikwambia uache kazi baada ya ndoa ndipo utajua ulikuwa unaolewa na nani, na ni bora kulijua hilo sasa.

Basi mpangilio wako ndio huu. Kesho asubuhi nenda Barazani ukaulize leseni. Ukitoka hapo pita kwa wale wa Mjini, waambie faili lako limefikia wapi na uwaombe barua inayoonyesha kwamba nafasi yako wanaishikilia mpaka tarehe fulani. Wakikataa kuandika, uwaulize watangoja muda gani na uandike mwenyewe jina la aliyekujibu. Alkhamisi, siku moja kabla, wapigie wale wa mashariki kwa adabu, washukuru, waambie huwezi kuanza bila leseni wala kuacha vyeti. Usiwatukane, kisiwa hiki ni kidogo na meneja wa leo utamkuta kwengine kesho. Wakikujibu kwamba basi vyeti ukae navyo, na mkataba wanauandika sasa, na leseni wanaingoja, waulize tena kuhusu usiku: muuguzi wa pili wanamweka lini? Kama hawamweki, jibu lako linabaki lile lile.

Mama umpigie leo usiku, usimwandikie ujumbe. Mwambie unaomba Pemba nafasi zikitoka, na kwa nini unaanzia Mjini. Na mshahara wa kwanza ukitoka, hata ukiwa mdogo, mtumie chochote.

Bi Mkubwa